Mkono Unaochipua

Jumapili hiyo mvua ilikatika baada ya chakula cha mchana. Phelix alitoa kiti chake nje, akakipangusa maji kwa kiganja, akakaa kando ya mlango wa Mau Springs Baa na Choma kuangalia mikono ya watu. Ndiyo iliyokuwa kazi yake. Juu ya kichwa chake kulikuwa na ubao mweupe wenye maandishi mekundu: WENYE TATOO ZINAZOONEKANA HAWAINGII. Watu wa Boito walikuwa wameshazoea. Walipofika walinyoosha mikono, wakaigeuza, wakainua videvu aone shingo, kama watoto wanaokaguliwa kucha shuleni, kisha wakapita.

Dorine alifika amebeba blanketi jipya lililofungwa kwa leso. Alikuwa amevaa gauni la kitenge aliloshonewa makusudi bila mkono wa kulia, ili tawi lipate mwanga. Tawi hilo lilianzia kwenye kifundo cha mkono, likazunguka kiwiko, likapanda begani na kupotelea kisogoni chini ya nywele. Tawi lilikuwa la wino. Majani hayakuwa ya wino. Yalikuwa yametokeza nje ya ngozi kiasi cha urefu wa kidole, mabichi, na matone ya mvua yalikuwa bado yameyakalia.

"Sista Dorine," Phelix alisema. "Si unajua."

"Najua."

"Ni mambo ya boss. Kama ni mimi, ningekuacha upite."

"Najua, Phelix. Niitie yeye."

Phelix aliinuka kwenda kumwita. Walikuwa wamelelewa kwenye laini moja ya nyumba za wafanyakazi, milango yao ikitazamana, na haikumpendeza kuketi mbele yake wakati yeye amesimama.

Dorine alizaliwa kwenye nyumba za kampuni ya chai, upande wa juu unaokaribia msitu. Wazazi wake walikuja kutoka Kendu Bay wakiwa vijana. Baba alifariki mapema, mama akabaki na kikapu chake cha kuchumia. Dorine alipofikisha umri wa kuandikwa kazi alipewa mstari ulio kando ya mstari wa mama yake, Jerusa, na kwa miaka mingi walichuma majani chai wakiwa bega kwa bega, majani mawili na kichipukizi, mikono ikitangulia macho. Vidole vyao, gumba na cha shahada, vilikuwa vyeusi kwa utomvu, na hakukuwa na sabuni ya kuvitoa ule weusi. Dorine hakutaka utoke. Kanisani wageni walipomshika mkono waliviona vile vidole wakajua yeye ni nani na anakula jasho la nani.

Kisha mashine zikaja. Zilibebwa na wanaume wawili wawili, zikanyoa mashamba ya tambarare asubuhi moja, kazi ambayo wanawake wa laini nzima wangeifanya kwa juma zima. Jerusa alibakizwa kwa sababu mistari yake ilikuwa kwenye mteremko ambako mashine huteleza. Dorine alirudishwa nyumbani. Miezi ikapita, na siku moja alipokuwa akisugua sufuria aliona vidole vyake vimekuwa safi. Aliviangalia kwa muda mrefu. Vingeweza kuwa vidole vya mtu yeyote. Kesho yake alikwenda Kericho mjini, akamtafuta Okemwa, mchora tatoo aliyekuwa na chumba juu ya duka la viatu, akamwambia anataka kitu ambacho hakitaoshwa.

Okemwa alimchora tawi la mchai. Mvua za masika zilipoanza, majani ya wino yalivimba, yakainuka, yakafunguka. Hapakuwa na damu wala maumivu, mwasho tu kidogo, kama wa kidonda kinachopona. Dorine alirudi kwa Okemwa, naye akavaa miwani, akachunguza, akasema wino ulikuwa mzuri na kwamba asipake mafuta ya mgando kwenye vichipukizi. Majirani waliuliza kama mkono unatiwa mbolea. Mvua ya mawe iliponyesha usiku, Dorine akiwa amelala ndani, aliamka majani yametoboka kama ya mashamba yote. Afisa wa kilimo alikuja, akalivunja jani moja, akalinusa, akasema ni la daraja la kwanza, ila hangeweza kumwandikisha Dorine kuwa mkulima kwa sababu shamba lazima liwe na namba ya ardhi. Dorine alimkaribisha uji. Akanywa, akaenda zake.

Mtu mmoja tu ndiye hakuuliza kitu. Jerusa alikuwa muumini wa Sabato, na Kitabu cha Mambo ya Walawi kilikuwa wazi juu ya alama za mwilini. Alimsomea binti yake ule mstari mara moja, akafunga Biblia. Tangu siku hiyo alipoongea naye aliangalia upande wake wa kushoto, usio na tawi.

Na sasa Jerusa alikuwa anastaafu. Akina mama wa laini walikuwa wamempangia sherehe ya kumuaga, na wangeifanyia kwenye ukumbi wa kampuni kama zamani, ila ukumbi ule ulikuwa umegeuzwa stoo ya mashine. Ukumbi mwingine ulikuwa ule wa nyuma ya baa ya Isaiah. Wageni waliingilia mlango mmoja tu, huu wa Phelix.

Isaiah alitoka akijipangusa mikono kwa taulo. Alikuwa mtu mpole, mkulima wa chai yeye mwenyewe, na hakuna aliyewahi kumsikia akimfokea mteja.

"Chamgei, Dorine."

"Chamgei, mzee."

"Mama yako ameshakaa kwa meza ya mbele. Amependeza sana." Aliliangalia tawi, kisha ubao. "Ngoja Cheptoo akupatie sweta yake. Uvae, uingie. Ni hiyo tu."

"Sitavaa, mzee."

"Sweta tu, Dorine."

"Chai ukiifunika inageuka manjano. Wewe ni mkulima, unajua."

Isaiah alijua. Alitikisa kichwa kukubali. Sheria ile aliiweka baada ya Krismasi moja ambapo kijana mwenye picha ya nge shingoni alivunja chupa na meza mbili. Watu wengine waliopigana siku hiyo hawakuwa na alama yoyote, kwa hiyo haikuwezekana kuwawekea sheria.

"Nikikuachilia wewe," alisema, "kesho yule wa nge atakuja aniambie Dorine aliingia."

"Yule alivunja chupa. Mimi nimevunja nini?"

Isaiah alifikiria kwa haki. "Hujavunja kitu," alisema. "Ni vile tu inaonekana."

Akaomba radhi kwamba nyama zinaungua, akarudi ndani.

Dorine hakuondoka, wala hakujibanza ukutani. Alikwenda akasimama mbele ya dirisha la ukumbi, blanketi mkononi, shingo imenyooka. Angeweza kuvaa ile sweta. Alijua hivyo. Ingekuwa saa moja tu, au saa mbili, halafu angeivua na kuirudisha ikiwa imekunjwa vizuri na shukrani juu yake. Lakini aliona kwamba mtu akishaomba radhi mara moja kwa ajili ya mkono wake mwenyewe, mara ya pili haitakuwa ngumu, na hakutaka iwe rahisi.

Mvua ilianza tena, nyepesi, ile ya Boito isiyo na haraka. Majani yalisogea kidogo kuielekea.

Ndani, Nyabate, mwenyekiti wa akina mama, alikuwa ameshika kipaza sauti. Yeye pia alikuwa mchumaji aliyerudishwa nyumbani, na sauti yake ilikuwa bado ile ya kuitana kutoka mtaro hadi mtaro. Alimsifu Jerusa kwa kikapu ambacho hakikuwahi kukataliwa kwenye mizani kwa kuwa na jani gumu. Alimsifu kwa watoto wa watu aliowabeba mgongoni baada ya kutua kikapu. Kisha akasema sasa familia iongee. Viti viliburutwa. Baadaye kidogo mlango wa mbele ukafunguka, Jerusa akatoka mwenyewe, mrefu, bega moja likiwa chini ya lingine kwa sababu ya ukanda wa kikapu.

"Nyathina, mwanangu," alisema. "Wanangojea familia iongee. Familia ni wewe."

"Niko hapa, mama."

"Hapa ni nje."

"Ndio."

Jerusa aliangalia upande wa kushoto wa binti yake kama kawaida. "Vaa sweta ya wenyewe. Mimi sijaipenda hiyo kitu, unajua. Lakini leo siombi uitoe. Naomba uifunike, kwa ajili yangu. Kesho naenda nyumbani na sijui narudi huku lini."

Dorine alisikia ombi lile likimshuka kifuani na kukaa. Tangu utotoni alikuwa amemkatalia mama yake jambo moja tu, na jambo hilo lilikuwa limejaa matone ya mvua kati yao.

"Mama, wale wageni wa ng'ambo walipokuja kupiga picha," alisema polepole, "mlipewa glavu nyeupe mvae, ili vidole visionekane vichafu. Wewe ulivaa?"

Laini nzima ilijua kwamba Jerusa hakuvaa. Alisimama katikati ya mstari wa glavu nyeupe, mikono miwili ameiweka kifuani, vidole vyeusi vikiangalia mbele, na mpiga picha akapiga.

"Ile ilikuwa kazi," Jerusa alisema.

"Na hii ni kazi."

Mvua iliendelea. Jerusa alipangusa uso kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, na alipouinua tena, uso wake ulikuwa umegeukia upande wa kulia. Aliuangalia mkono kuanzia kwenye kifundo, akapanda nao bila haraka, kwa jicho la mtu aliyefika kwenye mstari wa mwenzake. Alipofika begani alikunja uso.

"Geuka."

Dorine aligeuka.

"Huku nyuma nani anakuchumia?"

"Hakuna. Sifikii."

"Yamekomaa. Haya mengine yamekuwa kama ngozi. Ukiacha hivi kichaka kitapanda kiwe mti, na wewe utembee ukiinama. Mimi nilikufundisha hivi?"

"Hapana, mama."

"Inama."

Jerusa alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga kiunoni na kukikunja mbele kikawa mfuko. Kisha akaanza. Alichuma kwa mikono yote miwili, mmoja ukienda mwingine ukirudi, na mlio wake ulikuwa ule ule wa shambani asubuhi, mfupi na mkavu. Majani mawili na kichipukizi aliyatia mfukoni. Yale yaliyokomaa aliyavunja akayaacha yaanguke chini, kwa sababu mchumaji mzuri hasafishi kikapu chake tu, anasafisha na kichaka. Dorine alifumba macho. Hakusikia uchungu. Alisikia kile alichokuwa akikisikia siku za kusukwa nywele kabla ya shule kufunguliwa, kichwa kikiwa kati ya magoti ya mama na hakuna mahali pengine pa kwenda.

Watu walikuja dirishani na soda zao. Mmoja alisema mikono ya Mama Dorine bado ni ile ile. Phelix aliinuka kutoka kwenye kiti, akavua kofia ya kazi, akaishika.

Jerusa alipomaliza kisogo na bega alishuka hadi kwenye kiwiko. Hapo alisita. Alilipitishia kidole gumba tawi lenyewe, lile la wino, kutoka kiwiko mpaka begani, taratibu.

"Aliyechora anajua chai," alisema.

"Na Walawi, mama?"

"Walawi iko pale pale. Mimi naongea juu ya jani."

Akaingia ndani na mfuko wake umejaa. Phelix alimfungulia mlango. Ubao haukuwa umesema kitu juu ya majani, kwa hiyo majani yalipita.

Jikoni Cheptoo, mkewe Isaiah, alimpisha kwenye jiko. Jerusa aliyakausha majani kwenye sufuria kavu mpaka yakalegea, akayasugua viganjani, akayarudisha motoni, akayasugua tena mpaka yakajikunja na kuwa meusi. Harufu ilipita ukumbini, ikapita kwenye baa ambako wanaume walikuwa wakiangalia mpira, ikatoka dirishani. Dorine aliinusa kama mtu anayesikia jina lake likitajwa chumba cha pili.

Chai ilimiminwa bila maziwa. Jerusa alikataa itiwe kwanza kwenye chupa ya chai. Alisimama na kikombe chake mbele ya meza ya heshima.

"Mimi sina hotuba," alisema, na Dorine alimsikia vizuri kutoka nje. "Nimechuma kampuni hii tangu nikiwa msichana. Jani nzuri lilikuwa likipanda lori, linaenda ng'ambo. Sisi tulipewa lile vumbi linalobaki chini ya mashine, tukachemsha na maziwa mpaka likapata rangi. Siku zote nilijua jani nzuri kwa vidole. Kwa ulimi sijawahi kulijua." Alikunywa. "Sasa nimelijua. Hili nimelichuma kwa mtoto wangu. Amesimama pale."

Watu waligeuka dirishani. Dorine hakutabasamu wala hakuangalia chini. Aliinua kidevu kidogo, kama anayejibu anapoitwa kwenye orodha ya asubuhi.

Nyabate aliibeba meza ya heshima upande mmoja, akina mama wakashika upande mwingine, wakaisogeza mpaka dirishani, wakafungua vioo vyote viwili. Jerusa aliketi ndani, kiwiko kwenye kizingiti; Dorine alisimama nje, kiwiko kwenye kizingiti hicho hicho. Akapewa kikombe. Akapewa wali na nyama, akala mvua ikimnyeshea mgongoni. Kipaza sauti kilipotolewa nje alikishika, akasema, "Mimi ni Dorine wa Jerusa. Hiki mnachokiona mkononi mwangu nilikitoa kwake. Mnisaidie kumshukuru." Kisha akampitishia mama yake blanketi.

Walipiga makofi kwa muda mrefu. Isaiah naye alipiga makofi akiwa mlangoni mwa jikoni, kikombe chake kikiwa kitupu, na alikuwa wa mwisho kuacha.

Jioni watu walipokuwa wakitoka alimfuata Dorine uani. "Chai nzuri kama hiyo sijanywa," alisema. "Ningependa uniletee kila wiki. Kuna wageni wa kutoka Nairobi wanalala hapa. Utapita tu na mlango wa nyuma wa jikoni."

"Jani litaingia na mlango wa mbele, pamoja na mkono wake."

Isaiah alilifikiria pia hilo kwa haki. "Hiyo haitawezekana," alisema.

"Basi usiku mwema, mzee."

Jerusa alisafiri kesho yake, blanketi juu ya mizigo. Katika majuma yaliyofuata Nyabate alikwenda Kericho kwa Okemwa, akarudi na tawi lililopanda mkono wa kushoto, na baada yake wakaenda wengine, wale waliorudishwa nyumbani na wale waliokuwa wakingoja kurudishwa. Mchungaji aliwasomea Walawi. Walisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Nyabate alifungua kibanda cha mabati ng'ambo ya barabara, kinachotazamana na baa, akaweka benchi na jiko. Jumapili mchana wanawake walikaa pale mstari mmoja, kila mmoja akimchumia aliye mbele yake kisogoni, wakiimba nyimbo za shambani. Meneja wa kampuni alipita kwa gari, akapunguza mwendo, akaangalia, akaongeza mwendo. Pale hapakuwa na namna ya kupitisha mashine.

Isaiah alipaka ubao rangi upya, kwa sababu mvua ilikuwa imeufifisha.

Mwezi wa saba baridi ilikuwa kali, na juma moja Isaiah alipata wageni wakubwa kutoka ofisi za serikali. Walikuwa wamesikia juu ya ile chai. Alimtuma Phelix avuke barabara na birika. Phelix alirudi na birika tupu na ujumbe: Dorine amesema jani haliuzwi kwa birika, lakini mzee akitaka kunywa, benchi ina nafasi.

Isaiah alivua aproni, akavuka barabara. Wanawake walisogea. Alikaa kati ya Nyabate na mwingine aliyekuwa na tawi changa bado, magoti pamoja, mikono yake safi juu ya magoti. Hakuna aliyeikagua. Dorine alimmiminia kikombe cha kwanza, kisha cha pili, na alimpa kiti chake mwenyewe mvua ilipoanza kupenya upande ule wa mabati. Waliongea juu ya baridi, na bei ya mbolea, na mama yake, ambaye alikuwa amepanda mboga na hakuzipenda. Isaiah alikunywa mpaka chini, akakaa kidogo na kikombe kitupu, akautazama ubao wake ng'ambo ya barabara kama mtu anayeangalia nyumba ya jirani.

"Asanteni," alisema akiinuka. "Wageni wananingojea."

Akavuka, akapita chini ya maandishi mekundu, na Phelix akamfungulia.

"Karibu tena," Dorine alikuwa amemwambia, na alimaanisha.